Jeki nne zinazovuja: shajara ya gari-nyumba letu, Tanga

Jumamosi

Gari ni la mwaka 1996, limejengwa juu ya chasisi ya Ford E-350 yenye injini ya dizeli ya lita 7.3. Usukani uko kushoto, na ndani mna vitanda, jiko, friji na choo. Mimi na dada yangu tulilinunua kwa msafiri aliyefika Tanga akaamua kutoendelea, na sasa dada hulipangisha kwa familia zinazotaka kulala ufukweni, hasa Mwambani na upande wa Pangani. Chini yake kuna jeki nne za haidroliki, mbili mbele na mbili nyuma, za kuliweka sawa linapoegeshwa. Zote zinavuja. Ya nyuma kushoto ndiyo mbaya kuliko zote: gari likilala limesimama juu yake, asubuhi kona hiyo imeshuka na mchanga una doa jekundu la upana wa sinia.

Watu wazima wawili wamekwisha kuniambia niachane nazo, niweke mbao chini ya matairi kama wafanyavyo wenye malori. Kwa usiku mmoja, sawa. Tatizo ni friji. Hii si friji ya kompresa. Inachemsha mchanganyiko wa amonia na maji kwa moto wa gesi, mvuke unapanda na kupoa, kisha kimiminika kinarudi chini kwa uzito wake chenyewe. Hakuna pampu inayokisukuma. Gari likiegemea upande, kimiminika kinatuama kwenye mabomba, sehemu ya kuchemshia inapata moto kupita kiasi, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani inaganda na kuziba njia. Ikishaziba haizibuliwi, unanunua friji nyingine. Kwa hiyo jeki hizi si anasa. Mgeni anayekaa wiki nzima na samaki wake ndani ya friji anazitegemea, hata kama hajui zipo.

Leo kazi yangu ilikuwa kuinua gari na kulikalisha salama uani, Mikanjuni. Nimelaza mataruma ya zamani ya reli chini ya chasisi, pande zote mbili, na juu yake stendi za chuma. Matairi yana kabari mbele na nyuma. Hili nalisema kwa ukali kwa kila kijana anayekuja kunisaidia: hakuna kuingia chini ya gari linaloshikwa na haidroliki. Hata jeki nzima. Vali ikifunguka au mpira wa kupitishia mafuta ukipasuka, karibu tani 5 zinashuka na hazikupi nafasi ya kugeuka.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: breki ya mkono ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukisawazisha gari kwenye mteremko mpaka matairi ya nyuma yakaachana na ardhi, huna breki tena, na gari limesimama juu ya miguu minne myembamba. Matairi yabaki yamegusa chini. Mteremko ukiwa mkali mno, tafuta mahali pengine pa kuegesha.

Jumapili

Kutafuta mafuta yanatoka wapi hasa. Nimeosha kila kitu kwa dizeli na brashi, nikafuta, nikaacha pakauka. Kisha nikabonyeza swichi, jeki moja baada ya nyingine, gari likiwa bado limekaa juu ya stendi.

Kuna uvujaji wa aina mbili, na watu huuchanganya. Wa kwanza unaonekana: mafuta yanatoka pale rodi, ile nguzo ya chuma inayotoka na kurudi, inapoingia kwenye silinda, yanateremka kwenye rodi, yanadondoka. Huo ni wa sili, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke. Wa pili hauonekani: gari linashuka polepole ilhali chini pakavu kabisa. Hapo mafuta yanarudi kwenye tangi kupitia vali isiyofunga vizuri, na ukibadilisha sili mara kumi hutapona. Jeki zetu hazina sili ya pistoni. Rodi yenyewe ndiyo inayosukumwa na mafuta, na kuna sili moja tu ya shinikizo, pale mdomoni. Jambo hili linarahisisha utambuzi: pakiwa na mafuta nje ni mdomo au mpira, pakiwa pakavu ni vali.

Matokeo: jeki tatu zinavuja mdomoni. Ya mbele kulia inavuja kidogo mdomoni, lakini pia inashuka kuliko kiasi hicho kinavyostahili, kwa hiyo vali yake inashukiwa. Mipira ya haidroliki imechakaa kwa nje ila haijatoa jasho popote. Nimeikagua kwa kupitisha kipande cha katoni kando yake, si mkono. Pampu hii inaweza kufika karibu ba 200. Tundu dogo kama ncha ya sindano kwa shinikizo hilo linapenyeza mafuta ndani ya ngozi, na kidonda hakionekani cha maana kwa saa kadhaa huku nyama ndani inaharibika. Ikimtokea mtu, usingoje kivimbe. Kimbia hospitali ya Bombo, umwambie daktari kwamba ni mafuta ya haidroliki yameingia kwa shinikizo.

Jumatatu

Springi. Kila jeki ina springi mbili nje, ndizo zinazoirudisha juu kwa sababu mafuta yanasukuma upande mmoja tu. Zina nguvu ya kuvunja kidole, na kuzivuta kwa nondo ni kutafuta ajali. Njia safi ni hii: shusha jeki mpaka springi zitanuke, pachika sarafu kati ya mizunguko yake, upande mmoja na mwingine, kisha rudisha jeki juu. Sarafu zinaizuia springi isijikunje, inabaki ndefu na legelege, unaichomoa kwa mkono. Sarafu za shilingi 200 zimefaa sana. Washa, zile pete bapa za chuma, zingefaa vilevile, ila sarafu ndizo zilizokuwepo mfukoni, na dada amezidai zote baada ya kazi.

Nimefungua jeki zote nne, nimeziba midomo ya mipira kwa nailoni na raba, nimemwaga mafuta yaliyokuwemo. Ya jeki tatu ni mekundu na masafi. Ya nyuma kushoto yana rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia.

Jumatano

Leo nimezichomoa rodi, na hapa ndipo kazi ilipobadilika.

Nilikuwa nimeandaa kununua sili. Kila fundi niliyemuuliza alisema hivyohivyo: "Badili sili, mdogo wangu, basi." Fundi mmoja wa jeki za tipa kule Pongwe, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha mengi, naye alisema hivyo. Na kwa tipa yuko sahihi. Rodi ya tipa inatoka, inamwaga kokoto, inarudi ndani kwenye mafuta, siku nzima hivyo. Haikai nje. Jeki yetu inatoka asubuhi na kubaki nje wiki nzima, mita chache kutoka baharini, upepo wa kusi ukiipiga.

Rodi ya nyuma kushoto ina vishimo tangu karibu na mguu hadi katikati, upande mmoja tu, upande ule unaotazama bahari tunavyoegesha Mwambani. Vingine naweza kuvihisi kwa ukucha. Kromu ngumu iliyopakwa juu ya rodi inang'aa na inaonekana kama kioo, lakini ina nyufa ndogondogo zisizoonekana kwa jicho, ndivyo ilivyo kwa asili yake. Chumvi inapenya humo mpaka kwenye chuma, chuma kinashika kutu, kutu inavimba na kuibandua kromu kutoka chini. Kinachobaki ni kishimo chenye kingo kali. Kila rodi inapopita, kingo hizo zinakwangua mdomo wa sili. Sili mpya ikiingia hapo inanyolewa kama ya zamani. Ndiyo maana aliyekuwa na gari kabla yetu alikuwa na pakiti tupu za sili kwenye droo ya zana: alibadilisha, zikavuja, akabadilisha tena.

Kwa hiyo naandika hapa kwa herufi za kusomeka: kwa gari linalokaa pwani, chomoa rodi uitazame kabla ya kununua chochote. Sili iliyokatika ni dalili. Ugonjwa uko kwenye rodi.

Alhamisi

Mvua. Nimepima tu. Rodi ni milimita 50.8, yaani inchi 2 kamili. Nimepima kwa kalipa sehemu tofauti, pale ambapo kromu bado ni nzima, jibu ni lilelile.

Ijumaa

Maduka ya mjini yana sili za milimita 50 kwa wingi. Muuzaji mmoja akanishawishi kwamba tofauti ya chini ya milimita moja haina maana, mpira utanyooka. Utanyooka, ndiyo, lakini utaibana rodi kupita kiasi, utakauka mdomoni, na springi zitashindwa kurudisha jeki juu. Nimekataa. Vipimo vya inchi bado vipo kwenye mashine za zamani za Kiingereza, matrekta na makatapila madogo ya kuchimbia mitaro, na mkoa huu wa mkonge umetumia matrekta ya aina hiyo kwa miaka mingi. Duka moja la spea za trekta lilikuwa na sili za inchi 2 zenye umbo la U, mbili tu. Nyingine nimeagiza Dar es Salaam, Kariakoo, zitaletwa na basi. Sili za vumbi nazo nimeagiza huko, pamoja na oringi, zile pete za raba za mviringo.

Jumamosi nyingine na Jumapili

Kifurushi kimefika stendi ya Kange asubuhi. Vipimo vyote sawa, nimevihakiki mbele ya konda kabla ya kusaini.

Sasa rodi. Ningekuwa na uwezo ningezipeleka zote zikavuliwe kromu na kupakwa upya, hiyo ndiyo tiba kamili. Lakini gharama yake ingezidi faida ya msimu mzima, na rodi tatu kati ya nne zina vishimo vifupi vya kutosha kujazwa. Nimefanya hivi:

Kwanza nimevisafisha vishimo mpaka chini. Hii ndiyo sehemu inayochukua muda na ndiyo inayoamua kila kitu. Kutu ikibaki ndani, gundi itashika kutu badala ya chuma, na itatoka yote pamoja. Nimetumia sindano nene ya kushonea magunia kukwangua kila kishimo, kisha brashi ya waya, kisha siki nyeupe kwa tone dogo ili ile kutu ya mwisho ilegee, kisha maji safi, kisha kukausha kwa joto la taa, kisha spiriti. Mpaka chini ya kishimo panang'aa kijivu. Kingo zote zilizoinuka nimezishusha kwa jiwe la kunolea, taratibu, kwa sababu kingo ndizo zinazoua sili, kishimo chenyewe kingeweza hata kuvumiliwa.

Kisha epoksi ya chuma, ile ya mirija miwili, nimeichanganya na kuikandamiza ndani kwa kipande cha plastiki ili hewa itoke, nikaacha imezidi kidogo juu ya uso. Imekaa usiku mzima na asubuhi yake. Jua la Tanga husaidia hapa kuliko mahali pengi.

Kusugua: msasa namba 400 uliofungwa kwenye kipande bapa cha mbao mpaka epoksi iwe sawa na kromu, kisha 800, kisha 1200 wenye mafuta. Na mwelekeo ni muhimu. Usisugue kwa kufuata urefu wa rodi, kwenda juu na kushuka chini. Kila mstari wa urefu ni mfereji unaopitisha mafuta chini ya sili. Sugua kwa kuzungusha, kama mtu anayeng'arisha bangili. Mkwaruzo wa kuzunguka hauna pa kuyapeleka mafuta.

Kijana wa jirani ameshika rodi na kuizungusha huku mimi nimeshika msasa, kuanzia baada ya adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu na rodi aliyomaliza yeye ndiyo bora kati ya zote tatu.

Jumatatu

Rodi ya nyuma kushoto haijazwi. Vishimo vimeungana, ukijaza unakuwa umetengeneza rodi ya gundi. Nimeipeleka kwa mzee mkerezaji, Gofu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete nione." Ameigeuza, akapitisha ukucha, akaniuliza gari linakaa wapi. Nilipotaja Mwambani akatikisa kichwa, akaenda nyuma ya karakana na kurudi na jeki ya zamani ya mashine ya kuchimba mitaro, silinda yake imepinda lakini rodi yake nzima, inchi 2. Hatuigusi kromu. Tunakata urefu, tunakereza ncha moja ipokee kizuizi cha ndani, na ncha nyingine tunachomelea mguu. Mzee amesisitiza jambo ambalo vijana hulisahau: kuchomelea kwanza, kusubiri chuma kipoe chenyewe bila kumwagiwa maji, kisha ndipo sili iguswe. Mpira wa sili haustahimili joto la kuchomelea hata kidogo.

Amefunika kromu yote kwa gunia bichi wakati wa kuchomelea, kwa sababu cheche moja ikitua juu yake inaacha kipele, na kipele kinakata sili kama kishimo.

Jumanne

Nimefunga zote. Sili ya U inaingia mdomo wake uliofunguka ukitazama ndani, kwenye shinikizo, ili mafuta yenyewe yaupanue na kuubana kwenye rodi. Ikigeuzwa itamwaga siku hiyohiyo. Sili ya vumbi inatazama nje. Ncha ya rodi niliizungushia utepe laini wa plastiki ili kona yake isikate mdomo wakati wa kuingia, nikapaka mafuta yaleyale ya mfumo. Sikutumia grisi.

Vali ya mbele kulia: nimeichomoa, ndani kulikuwa na uzi wa raba uliokatika kutoka kwenye oringi ya zamani, umelala juu ya kalio la vali. Nimeosha, nimeweka oringi mpya. Basi.

Jumatano

Mafuta ni ATF, aina ya Dexron III, yale mekundu ya gia za otomatiki. Mtu asimwage mafuta ya breki humu kwa kuwa tu yanaitwa ya haidroliki. Yale ni ya aina nyingine kabisa, yanavimbisha mpira wa sili hizi na kuzilainisha mpaka ziharibike zote kwa pamoja.

Tangi linapimwa jeki zote zikiwa zimerudi juu. Ukijaza zikiwa chini, zikirudi mafuta yote yaliyokuwa kwenye silinda yanakuja tangini na kufurika.

Kutoa upepo: kushusha zote bila mzigo, kurudisha zote, kungoja povu litulie, kuongeza, kurudia. Wakati huo nikaona pampu inavuta kwa shida. Betri nzima. Nikaweka mita moja kwa moja kwenye pampu inapozunguka: volti 9.4, wakati betrini kuna 12.1. Kasoro iko kwenye waya wa ardhi unaofungwa kwenye chasisi, chini ya nati palikuwa na unga wa kijani. Chumvi tena. Nimekwangua mpaka chuma, nimefunga upya kwa washa mpya, nimepaka grisi juu yake. Sasa volti 11.3 na pampu ina sauti ya kuridhisha.

Ijumaa

Gari limeshuka kutoka kwenye stendi na kusimama juu ya jeki zake tangu jana jioni, matairi yakigusa ardhi. Nimebandika pima maji sakafuni, moja kwa urefu na moja kwa upana, na nimeweka alama ya chaki kwenye kila rodi. Asubuhi hii povu la pima maji liko palepale. Rodi ya mbele kushoto ina unyevu mwembamba, si tone, ukipitisha kidole kinabaki na mng'ao. Hiyo ni kawaida kwa sili mpya na nitaitazama. Nyingine kavu. Ya nyuma kushoto, iliyokuwa mbaya kuliko zote, ndiyo kavu kuliko zote.

Tumekubaliana na dada jinsi gari litakavyotumika. Alipendekeza tuzifunge rodi kwa nailoni zinapokuwa nje. Nimemwomba tusifanye hivyo, kwa kuwa nailoni hushika unyevu wa chumvi ndani na kuupa chuma usiku kucha wa kufanya kazi yake. Mgeni akikaa zaidi ya siku mbili, jeki zitasawazisha gari, tutasukuma mataruma na stendi chini ya chasisi kutoka kando, bila mtu kuingia chini, kisha jeki zitarudi juu, ndani ya mafuta. Zile zinazolazimika kubaki nje zitafutwa kila asubuhi kwa tambara lenye ATF, na kabla ya kurudishwa zitaoshwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Dada amelikata tambara tayari na kuliweka kwenye kopo lenye mfuniko, chini ya ngazi.

Jumapili asubuhi gari linakwenda Pangani na familia ya watu watano. Nitakwenda nalo nikiwa na sili moja ya akiba, lita mbili za ATF na pima maji, nikaangalie ile ya mbele kushoto ikiwa na mzigo kamili.